"Mutu ya akili" njo nani? Juu ya maneno yetu ya ujanja, hila na udanganyifu



Leo ninaandika juu ya maneno. Si maneno ya kugombana, lakini maneno yenyewe, yale tunayotumia kila siku kusema kwamba fulani ni mjanja, ni mwerevu, iko na akili, iko na mayele, ni eskro. Najua bamoja watasema: hiyo ni kazi ya batu ya fakilte ya Letre, sisi tuko na shida ya umeme na ya bunga. Mungoje kwanza. Siku mtu anakula lupango yako, na majirani wanamwita "mutu ya akili", neno limekwisha kuchagua upande. Na upande ule si wako.

Tuanze na hiyo akili. Neno lilitoka Uarabuni, likapita pwani, likafika mpaka kwetu Katanga, na mu kamusi maana yake ni uwezo wa kufikiri na kuelewa, basi. Lakini ku Lubumbashi inafaa usikilize sauti ya mwenye kusema. "Mutoto yako iko na akili": hapo mwalimu anakusifu, unaweza kurudi nyumbani na furaha. "Ule iko na akili mingi": hapo mtu anakuonya, chunga mfuko. Neno dogo "mingi" njo limegeuza yote. Watu wa pwani wana methali yao, akili nyingi huondoa maarifa. Nao pia waliona kwamba akili ikipita kipimo inageuka kitu kingine, ila hawakukipa jina jipya. Walikiacha na jina la akili.

Mayele iko vilevile. Hiyo ni ya Lingala, ilitufikia na jeshi, na muziki, na batu ya Kinshasa, na leo hata anayesema Kiswahili tu anaitumia. Mayele ni akili ya shule, ni ufundi wa mikono, ni hila, vyote mu neno moja. Moto ya mayele anaweza kuwa enjenieri, anaweza kuwa mwivi. Bamoja wanapenda kusema kwamba hiyo inaonyesha tabia ya Wakongomani. Mimi sikubali hata kidogo, juu lugha za wengine ziko hivyohivyo. Angalia Kifaransa, lugha ya diplome zetu. Malin leo ni sifa, mtoto malin ni mtoto mwerevu. Lakini neno lilitoka ku Kilatini malignus, mwenye nia mbaya, na mu vitabu vya dini le Malin, na herufi kubwa, ni Shetani mwenyewe. Wafaransa walichukua jina la Shetani wakawapa watoto wao kama sifa, na hakuna aliyeandika kitabu juu ya tabia mbaya ya Wafaransa.

Wana na neno ruse, na hilo ninalipenda zaidi. Lilikuwa neno la wawindaji. Mnyama anayefukuzwa na mbwa anarudi nyuma juu ya nyayo zake, anaruka pembeni, anapita mu maji ili harufu yake ipotee: ile mizunguko njo ilikuwa ruse. Mukumbuke vizuri ni nani alikuwa anaifanya. Hakuwa mwindaji. Alikuwa yule anayetafuta kuponyoka. Nitarudia hapo chini.

Nipite kidogo pembeni, juu kuna neno moja linachekesha. Siku mtu wa Dar es Salaam anafika kwetu na kusema kwamba anatoka Bongo, batu ya hapa wanaangaliana. Kwetu bongo ni uongo. "Wacha bongo", "ule anasema bongo": mtoto wa miaka mitatu anajua. Kwao Bongo ni jina la mji wao, na la nchi yao, kutoka ubongo, ile iliyo mu kichwa, maana kuishi pale kunahitaji kutumia kichwa. Maneno mawili hayana ujamaa hata kidogo. Letu lina kiambishi bu- ambacho Kiswahili chetu kilichunga: sawa vile unga inakuwa bunga, uongo ulikuwa bu-ongo, na bu-ongo ikawa bongo. Lao ni ubongo uliopoteza u- yake. Barabara mbili zimekutana mu neno moja, moja inatoka ku uwongo, ingine inatoka ku kichwa. Kama ningekuwa mshairi ningefanya kitu na hiyo. Mimi si mshairi, tuendelee.

Kiswahili cha vitabu kina maneno mengi zaidi kuliko tunayotumia, na hapo njo ninataka tukae muda. Werevu, kwa mfano. Kuna kitendo chake, kuerevuka, ambacho mu mji wetu karibu hakisikiki tena. Kuerevuka ni kufunguka macho, ni kuacha ujinga wa mwanzo. Kijana anatoka mu mugini, mwezi wa kwanza mu mji wanamuuzia simu ya sabuni, mwezi wa pili hawamwuzii tena: ameerevuka. Hakumuumiza mtu. Alijifunza tu kuona. Kwa hiyo werevu, mu mzizi wake, ni kinga. Ujanja ni tofauti kidogo, ujanja unatembea, unatafuta. Mwerevu hadanganywi, mjanja anaweza kudanganya. Nakubali kwamba mu matumizi ya kila siku maneno haya mawili yanaingiliana, na kamusi zenyewe zinayaelezea moja kwa lingine, lakini masikio ya wenye lugha yanasikia tofauti. Na mu miji ya Kenya na Tanzania leo vijana wamelipandisha lile la pili: mjanja kwao ni mtu anayejua mji, hachelewi, hapotei. Ni sifa kabisa.

Watafsiri wa Biblia walikutana na shida hii kabla yetu. Chukua ile Union Version ambayo iko mu nyumba nyingi, soma Mwanzo sura ya 3: nyoka anaitwa mwerevu. Halafu fungua Mathayo sura ya 10, pale Yesu anawatuma wanafunzi wake na kuwaambia wawe kama nyoka: neno sasa ni busara. Mnyama ni mmoja, sifa ni moja, lakini Kiswahili kimevalisha nguo mbili. Mu Kigiriki, Mathayo na ile tafsiri ya zamani ya Mwanzo wanatumia neno lilelile, phronimos. Na neno la Kiebrania lililotumiwa kwa nyoka, arum, linarudi mara nyingi mu kitabu cha Mithali, na pale ni sifa ya mtu mwenye kufikiri mbele ya kutenda. Mara nyingine Kiswahili kinamwita mwenye busara. Watafsiri hawakukosea. Waliona kwamba msomaji wa Kiswahili anahitaji kujua, tangu neno la kwanza, kama nyoka huyu ni wa kufuatwa ao wa kukimbiwa. Walifanya uchaguzi. Sisi tunaosema "iko na akili" kwa kila mtu, tunakataa kufanya uchaguzi, na kukataa nako kuna bei yake.

Hila njo imesafiri mbali kuliko yote. Ku Waarabu hila ilikuwa mbinu, njia ya kutatua jambo ngumu. Mu karne ya 9, pale Baghdad, ndugu watatu wanaoitwa Banu Musa waliandika kitabu cha hila, Kitab al-Hiyal, na ndani hakuna udanganyifu wa mtu: kuna mashini. Kuna vyombo vya maji vinavyojifunga vyenyewe, taa zinazojirekebisha, chemchemi zinazobadili umbo la maji. Karibu vyombo mia moja. Yaani hila ilikuwa neno la maenjenieri! Wanasheria wa Kiislamu nao walilitumia kwa zile njia za kupita pembeni ya kanuni bila kuivunja wazi, na wakabishana sana kama ni halali. Lakini neno lilipokwisha kukaa mu Kiswahili, mashini zilibaki njiani. Leo ukisema "mtu wa hila" hakuna anayefikiri chemchemi. Tunafikiri mtu anayetabasamu na kisu nyuma. Neno limebakiza upande mmoja tu wa maana, na hiyo ni faida kwetu: hila ni moja ya maneno machache ya Kiswahili ambayo huwezi kumpa mtu kama zawadi.

Sasa, kwa nini tunapenda ujanja? Maana tunaupenda, tusidanganyane. Tulilelewa na Kalulu. Mu Kiluba na mu Kibemba kalulu ni sungura, na mu hadithi zetu yeye njo bwana. Mnajua ile ya kamba: Kalulu anaenda ku tembo, anamwambia tuvutane kamba, mimi nina nguvu kukupita. Anaenda ku kiboko mu mto, anasema vilevile. Halafu anapatia kila mmoja mwisho mmoja wa kamba, kati yao kuna pori, hawaonani, na wanavutana kutwa nzima kila mmoja akidhani anashindana na sungura. Watoto wanacheka. Wanacheka kwa sababu wakubwa wawili wamechoka na mdogo amekaa kivulini. Ile ni ruse ya mnyama anayefukuzwa. Watu wa Rwanda wana Bakame wao, watu wa pwani wana Sungura na tena wana Abunuwasi anayewashinda matajiri na wafalme. Popote mdogo hana nguvu, hana bunduki, hana rafiki ku biro ya serikali, akili inakuwa silaha yake ya haki, na neno la kumsifu linafaa.

Lakini bakubwa waliotupatia Kalulu hawakumfanya mtakatifu. Kuna ile hadithi ingine, ya kisima. Jua limekausha maji, wanyama wote wanachimba kisima, Kalulu anakataa kuchimba. Kisima kinapotoa maji, anakuja usiku kuiba, na kila mlinzi anamdanganya. Mwishowe anayemkamata ni kobe, aliyepakaa gamba lake kitu cha kunata na kukaa kimya mu maji. Hapo Kalulu hadanganyi wakubwa tena, anadanganya wenzake waliotoka jasho. Na hadithi inamgeukia. Watoto wanacheka tena, lakini sasa wanamcheka yeye. Sikumbuki mzee yeyote aliyetuelezea tofauti ya hadithi hizi mbili. Hakukuwa na lazima, tuliisikia sisi wenyewe.

Mahali fulani mu historia yetu kama nchi, hadithi ya kamba ilifunika hadithi ya kisima. Wote tunajua Artikle 15. Habari inayosimuliwa inatupeleka ku Sud-Kasaï, mwaka 1960 na miezi iliyofuata, wakati Baluba waliofukuzwa ku sehemu zingine walifika Bakwanga, ile tunaita leo Mbuji-Mayi, bila nyumba, bila chakula. Walipouliza watawala wa Kalonji watasaidiwa namna gani, jibu likawa: muko kwenu, mujitafutie. Na batu wakasema kwa mzaha kwamba hiyo njo artikle ya 15 ya katiba. Muangalie mzaha huu ulivyo na uchungu: sheria inayosema kwamba hakuna sheria ya kukusaidia. Mwanzo Artikle 15 ilikuwa neno la mkimbizi. Mama anayeuza mandazi ku barabara, mwalimu anayefuga kuku juu mshahara haufiki, hao njo batu ya Artikle 15, na hawajamwibia mtu.

Halafu neno lilipanda ngazi. Tarehe 20 Mei 1976, mu hotuba yake mbele ya watu wengi Kinshasa, Mobutu aliwaambia watumishi wa serikali kwamba mtu akitaka kuiba, aibe kidogo na aibe kwa mayele, asiibe mpaka kuwa tajiri mu usiku mmoja. Mwaka uliofuata, tarehe 25 Novemba 1977, yeye mwenyewe alisimama kulaumu "mal zaïrois", nchi ambamo kila kitu kinauzwa na kila kitu kinanunuliwa. Ninaziweka hotuba mbili pamoja kwa sababu ya lile neno mayele. Lilikuwa silaha ya mdogo, sasa mkubwa kabisa wa nchi analipatia wakubwa wengine kama ruhusa. Tembo ameomba hadithi za Kalulu ziwe zake. Na mwaka 1991 tuliona matunda, wakati batu ya Kinshasa waliuza hata vitu vya nyumba ili kuweka feza ku Bindo Promotion na vyama vingine vilivyoahidi kurudisha feza mara nyingi, mpaka vyote vikaanguka. Wazee waliokuwa pale bado wanasema: "Walikuwa na mayele." Hata walioliwa wanasema vile, na sauti ina heshima ndani yake!

Hapa njo ninafika mahali penye kuniuma. Miaka michache iliyopita, mama mmoja mjane wa kata yetu aliniomba nimsindikize ku polisi, juu Kifaransa chake ni kidogo na polisi wanaandika proseverbale mu Kifaransa. Alikuwa amenunua lupango kwa njia ya komisioneri. Alilipa mara mbili, nusu na nusu. Alipoenda na fundi kupima fondasio, alikuta fondasio ya mtu mwingine imekwisha kumwagwa. OPJ alimpokea vizuri, sina lawama kwake, akamwuliza nini kilifanyika. Mama akajibu, maneno yake kabisa: "Ule muntu alitumia akili, akanipita, akanikulia feza." OPJ akaandika. Nikaangalia karatasi. Aliandika kwamba yule bwana "a été plus malin" kuliko yeye. Tafsiri ilikuwa nzuri! Hakuna neno lililopotea. Na kwa sheria, karatasi ile haikuwa na kitu ndani, juu kuwa malin si kosa mu nchi yoyote.

Nikaomba ruhusa, nikamwambia: mama, wacha akili yake, tuelezee mikono yake ilifanya nini, kinywa chake kilisema nini. Ikatoka polepole. Yule komisioneri alikuja na karatasi yenye kachet. Alileta mzee mmoja aliyejiita mwenye lupango, ambaye hakuwa mwenye lupango. Alisema kuna mtu wa Kolwezi anakuja kesho na feza yote mkononi, kwa hiyo mama afanye haraka. Kila kitu hapo kilikuwa cha uongo, na kila kitu kilitengenezwa mbele, kama vile unatengeneza jukwaa la teatre. Sasa karatasi ya OPJ ikajaa.

Kode penale yetu, ile ya dekre ya tarehe 30 Januari 1940, haijui neno akili. Artikle 98 juu ya eskrokeri inauliza mambo mengine: je, mtu alijipatia mali ya mwenzake kwa kutumia jina la uongo ao cheo cha uongo, ao kwa kupanga hila ili mwenzake asadiki kuna shughuli ambayo haiko, uwezo ambao hauko, ama ili apate tumaini ao woga wa kitu ambacho hakiko? Azabu ya kifungo ni tangu miezi mitatu mpaka miaka mitano, na kuna faini pia. Wanasheria wanatufundisha kwamba uongo mtupu, neno la kinywa tu, mara nyingi hautoshi. Kunahitajika kitu cha kuutegemeza, karatasi, kachet, mtu wa tatu anayekuja kusema ndiyo. Yaani sheria inatafuta ile teatre. Na kuuza lupango ambayo si yako kuna jina lake peke yake, stellionat. Neno hilo lilitoka ku Kilatini stellio, aina ya mjusi mwenye madoa kama nyota, ambaye Waroma walimchukua kama mfano wa mdanganyifu. Ninapenda kwamba sheria ilichagua mjusi, haikuchagua sungura. Hakuna mtoto anayelala akiota kuwa mjusi.

Juu ya mama: dosye ilifika ku parke, alirudishiwa sehemu ya feza, sehemu ingine mpaka leo hajaiona. Lakini si hiyo tu iliyomwumiza. Kata nzima ilikuwa imekwisha kusema, tena bila ubaya: "Mama, ule kijana alikupita akili." Sikilizeni hesabu iliyo ndani ya maneno haya. Kama yeye ni wa akili, mama ni wa nini? Kila mara tunapompa mdanganyifu sifa, tunampa aliyedanganywa jina la pili ambalo hatulisemi kwa sauti: mjinga. Na mtu akikwisha kuitwa mjinga, hata kimyakimya, anafunga kinywa. Mama alikaa miezi minne bila kwenda ku polisi. Haikuwa sababu ya feza ya transporti. Ilikuwa haya. Mu ile miezi minne komisioneri alikuwa anaendelea na kazi yake.

Kiswahili chenyewe kinatuonyesha mlango mu kitu kidogo, mwisho wa kitendo. Alidanganyika, alidanganywa. Silabi moja tu. Alidanganyika: jambo limemfika, kama vile sahani inavunjika, hakuna anayeulizwa nani ameivunja, pengine sahani ilikuwa dhaifu. Alidanganywa: hapo sikio linangoja neno na, alidanganywa na nani? Kitendo kinadai mtendaji. Mu kata yetu kila mtu alisema "mama alidanganyika". Mimi tangu siku ile ninarekebisha, hata kama batu wanachoka na mimi: alidanganywa. Na fulani.

Bamoja wataniuliza: sasa unataka tuache kusifu werevu, tuwe kondoo? Hapana. Nenda ku soko ya Kenya, hapa Lubumbashi. Mama muuzaji anasema elfu tano, wewe unasema elfu mbili, anaapa kwamba amenunua elfu nne, unafanya kama unaondoka, anakuita. Kila mmoja anaficha bei ya moyo wake, na kila mmoja anajua mwenzake anaficha. Huo ni ujanja na ni mchezo mzuri, hakuna aliyedanganywa. Lakini muuzaji mwingine amegonga chini ya meka yake ili chuma kiingie ndani na bunga ikuwe kidogo. Hajasema neno hata moja la uongo, bei yake hata ni ya chini, ni mpole, anakuongezea kiganja juu. Yule njo mwenye kudanganya. Tofauti haiko mu kiasi cha akili. Pengine yule wa kwanza ana akili zaidi. Tofauti ni kwamba ujanja wa kwanza unaweza kuelezewa mbele ya mnunuzi na wote wawili wakacheka. Ule wa meka, siku mnunuzi anageuza meka na kuangalia chini, biashara imekwisha.

Mimi hiyo njo kipimo changu, na ninakitumia hata mu mambo yetu ya watu wa diplome, kwa sababu hapo pia tuna maneno ya kulainisha. Branchement, kwa mfano. Tulisoma wote, tunajua ni nini. Mtu alipata poin bila kujua kitu, tukasema "alibranche", sawa vile unasema juu ya waya wa umeme: ni tekniki tu. Ao mtu aliandikiwa memware na mwingine kwa feza, tukasema "alijipanga". Geuzeni meka. Je, anaweza kuelezea mbele ya jiri, mbele ya mwenzake aliyekesha usiku na mshumaa? Mgonjwa atakayelala mbele ya munganga aliyebranche, anaweza kuelezewa? Na wale vijana walioweka feza ya "frais ya dosye" kwa kazi ambayo haiko, wamejaa mu chama chetu, na wengi hawasemi, juu mtu wa lisansi kudanganywa ni haya mara mbili. Hao pia hawakudanganyika. Walidanganywa, na mtu aliyejua vizuri kwamba mtu asiye na kazi kwa miaka mitano anaposoma "tangazo la kazi" tayari amekwisha kuchoka kuuliza maswali.

Maneno tunayo, hatukosi. Akili na busara tuwaachie wenye kufikiri. Werevu ni wa yule aliyefunguka macho. Ujanja ni wa Kalulu na kamba yake, na wa mama ku soko. Kwa mwenye meka iliyogongwa kuna hila, kuna ulaghai, kuna udanganyifu, kuna utapeli ambao majirani zetu wa Tanzania wanautumia bila kutabasamu. Kuna na eskro, ambayo watoto wetu wanaielewa vizuri kuliko yote.

Sasa ninawaachia kazi. Ninajua kidogo Kiluba na Kibemba, basi. Mu Kitabwa, mu Kisanga, mu Kirund, mu Kishi, mu Kinande, munaita namna gani yule anayeponyoka kwa akili, na yule anayekula mwenzake kwa akili? Ni neno moja ao mawili? Kama ni mawili, muniandikie yote mawili, na mfano mmoja wa kila moja, vile nyanya yako angesema. Nitayakusanya yote na kuyaweka hapa.